Saini ya Chumba Kimoja

Pankras alifika mlangoni, akainua mkono agonge, kisha akageuka na kuteremka ngazi kama aliyekanyaga siafu. Akazunguka nyuma ya ofisi ya kata, kule kwenye migomba, akasimama.

"Tena?" Mwalimu Zabron alimfuata akihema. "Tena, Pankras?"

"Nisamehe, Mwalimu Mkuu. Siwezi."

Zabron alikuwa na haki ya kukasirika. Walitoka shuleni alfajiri, wawili nyuma ya bodaboda moja, wakashuka ile njia ya Litembo yenye utelezi, tope likiwarukia hadi mabegani. Dirisha la maombi ya chuo lilikuwa linafungwa jioni hiyo hiyo. Vyeti tayari, andiko la utafiti tayari, hata mhadhiri wa kumsimamia alikwisha kubali. Na andiko lenyewe lilikuwa tamu: watoto wanaoingia darasa la kwanza na Kimatengo tupu, Kiswahili wakikisikia kanisani tu. Zabron, mgeni kutoka Mara asiyetimiza hata muhula katika shule hiyo, alilisoma mpaka chai ikapoa, akaapa kwamba kijana huyu lazima asome shahada ya uzamili.

Kilichobaki ni ruhusa ya mwajiri. Fomu ilitaka mwombaji na Afisa Elimu Kata waisaini wakiwa chumba kimoja. Basi.

"Umemkosea nini huyu mama?"

"Sijamkosea."

"Yeye kakukosea?"

"Jamani, hata kidogo! Ni mtu mwema sana yule... yule wa humo ndani."

"Ana jina. Anaitwa Lidia. Kahamia kata hii juzi tu, hofu hii kakutia lini?"

Pankras akainamisha kichwa, akawa anaizungusha pete yake ya ndoa, mpya bado inang'aa. Kofia alikwisha ivua tangu walipoliona paa la ofisi.

Zabron akaingia peke yake. Mezani palikuwa na chupa ya chai, sahani ya mihogo iliyofunikwa kitambaa, na fomu. Afisa alikuwa amekigeuza kiti, mgongo kwa mlango, anatazama dirishani kama mtu anayesubiri mvua.

"Mama Afisa, nisaini mimi kwa niaba yake?"

"Haiwezekani, Mwalimu. Mwaka jana kuna aliyesainiwa na jirani yake. Fomu ikarudi, na masomo yakamponyoka."

"Basi toka kidogo umwone hapo nje."

"Mimi?" Mama akajitanda kitenge kichwani, akakivuta hadi karibu na macho. "Nitoke nimfuate yule? Mwalimu, usinitanie."

Damu ikamchemka Zabron. Mmoja anakimbia, mwingine anaringa! Akatoka, akamkamata Pankras mkono wa shati, akamkokota hadi kizingitini. Hapo kijana akaung'ang'ania mwimo kwa mikono yote miwili, uso kaugeuzia uani. Watu waliokaa kwenye benchi wakisubiri huduma wakaangua kicheko.

"Mtie kwenye mashine ya kumenya kahawa, Mwalimu! Ataingia tu!" mzee mmoja akapiga kelele.

"Huyu ni afisa, si chui!" Zabron akafoka. Kisha akageukia ndani, heshima imemwishia. "Na wewe mama! Kijana anapoteza masomo, jua linakwenda, na wewe hata kumtazama hutaki?"

Ndani kiti kikalia. Mama aliinuka, akasaini upande wake wa fomu, akaacha kalamu juu yake, akaenda kusimama pembeni kabisa, paji la uso likikaribia kugusa ukuta, kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Mwambie aingie," akasema kwa sauti ya chini. "Natazama ukuta. Asaini upesi, atoke. Halafu, Mwalimu, umwambie asimwache tena binti yangu ateremke bondeni kuteka maji. Mimba imekwisha kuwa kubwa ile."