Sema kwa Sauti

"Sema kwa sauti, mama, hapa si msibani," askari wa kaunta aliniambia, macho kwenye simu yake.

Tangu asubuhi nilikuwa namnong'oneza. Kwanza afisa wa watoto hayupo. Kisha eti haya ni mambo ya kifamilia, mkayamalize nyumbani. Halafu njoo kesho, na kesho ya kituo hiki haijawahi kufika.

Mume wangu alinikanyaga mguu ninyamaze, maana benchi nyuma yetu lilijaa watu. Uvumilivu ukanishinda. Nikaibwaga juu ya kaunta saa ya mwanangu, ya plastiki ya zambarau, mkanda umejaa alama za meno yake.

"Kocha wa kuogelea anawapiga watoto picha za uchi, anaziuza! Wangu kapewa saa hii asiseme!"

"Polepole basi, mama," askari akasema. Sasa ndipo alipoinua macho.

Benchi likakwaruza sakafu. Mwanamke aliyekuja kuripoti kitambulisho kilichopotea alisogea, akaiokota saa, akaigeuzageuza.

"Binti yangu anayo kama hii," akasema. "Aliniambia ni zawadi ya ushindi."

Akamgeukia askari.

"Yuko bwawani na huyo kocha sasa hivi."