Chupa ya Mkaguzi

Kitu cha kwanza alichokiona mfagiaji ni kwamba chupa ilikuwa ikitoka jasho. Maji ya bomba la kiwandani, yanayomwagika mtoni, hutoka ya moto.

Kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu. Mkaguzi wa mazingira hakupenda kuchafua viatu vyake, kwa hiyo kila alipokuja aliletewa mezani chupa ya maji ya bomba hilo. Leo shangazi wa mfagiaji, ambaye ndiye msimamizi wa kiwanda, alikuwa ameyatoa maji kwenye friji ya ofisini.

"Haya, mzee, yametoka bombani sasa hivi," shangazi alisema. "Ukiwa na kiu, kunywa tu."

Mkaguzi alicheka, akavuta fomu. "Na huyu binti haongei?"

"Huyo? Shule ilimshinda darasa la tano. Nilimwonea huruma nikampa ufagio, na huo nao unamshinda."

Mfagiaji aliinamisha uso. Dada yake aliishi bondeni, akimwogesha mwanawe kwa maji ya mto huo. Vidonda vya mtoto vilianzia miguuni, na sasa vilikuwa vimefika kwenye kope.

"Umesimama kama nguzo kwa nini? Futa meza. Au leo hutaki kulala kwangu?"

Alifuta meza. Kalamu ya mkaguzi ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Maji machafu hayapiti bomba hilo mnaloandika," mfagiaji alimwambia. "Yanapita lingine, nyuma ya choo cha wanawake, chini ya mabati. Kila Ijumaa nalifungua mimi."