Simjui Mtu Huyu

Jumatano, 13 Agosti. Asubuhi ilikuwa na upepo baridi wenye vumbi.

Jioni, kwenye darasa letu la watu wazima, mwalimu wa Kiingereza alitutoa madawatini tuigize tamthilia ya kale badala ya kuisoma. Mimi nilikuwa tajiri anayemkana ndugu yake mbele ya hakimu.

Sebastiani, aliyeigiza ndugu huyo, alininyooshea mikono. Zabibu anazochuma kwa kibarua kwenye mashamba ya Makutupora zilikuwa zimeipaka rangi ya zambarau hadi kwenye kucha.

Alfajiri ya leo, kwenye sala kanisani, wanakwaya wenzangu walimwonyesha Sebastiani na kuniuliza kama namfahamu kibarua yule. Nilitikisa kichwa, naye akaniona.

“Mwambie hakimu humjui,” mwalimu alinikumbusha.

“Alfajiri hukuhitaji kukumbushwa, dada,” Sebastiani alisema taratibu.

Niliishika mikono yake, nikamwambia:

“Kesho kwenye sala nitakaa nawe benchi moja, na nitawaambia wanakwaya tunasoma pamoja. Wanadarasa hawa ndio mashahidi wangu.”