Dakika ya Kumi

Mwanakheri aliagizwa aufunge mtandao mmoja tu, namba 71, uliokuwa ukiushambulia mji. Aliandika namba hiyo kwenye ruta ya mlimani, mashine inayopitisha mawasiliano ya mji, akasahau alama za mwanzo na mwisho zinazoiambia mashine iishie hapo. Ruta ikafunga kila namba yenye 71 ndani yake. Namba 710 ilikuwa ofisi yake mwenyewe. Namba 2715 ilikuwa hospitali.

Dakika chache baadaye msimamizi wake, Kombo, akapiga simu. "Daktari wa mbali alikuwa anawaelekeza madaktari wetu, mgonjwa yuko kwenye meza ya upasuaji. Picha imekatika. Irudishe."

"Siwezi, bosi. Nimejifungia nje."

"Uliitegesha?"

Ndiyo ilikuwa desturi yao. Kabla ya kugusa ruta ya mbali, unaiagiza ijizime baada ya dakika kumi na kuwaka upya, ikiwa imesahau yote uliyoiandikia. Mwanakheri alifanya hivyo kila siku bila kufikiri, na sasa hakukumbuka kama leo alifanya.

"Mwana, uliitegesha?"

Alikuwa akitazama dirishani, kwenye taa ndogo ya mnara wa ruta kule mlimani, inayozimika ruta ikizimika.

Taa ikazimika.

Akatazama saa, dakika ya kumi, akasubiri iwake.