Gari Lisilosinzia

Usukani ulijizungusha wenyewe, gari likakata kona, na mkaguzi akajikuta anakanyaga breki ambayo haipo. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Mbele hapakuwa na mtu.

"Usihofu, mama," alisema mhandisi aliyekaa pembeni yake. "Vihisi vyake vinaona pande zote kwa mpigo."

Mkaguzi alifungua fomu yake ya ukaguzi. Yeye si wa kulainishwa kwa maneno matamu. Magari matatu yasiyo na dereva alishayakataa, na hili la nne likikwama, kampuni iliyoliunda inafunga milango. Likipita, Jumatatu magari ishirini kama hili yataanza kubeba watoto wa shule. Saini ni yake, na lawama ni zake.

"Mbona madirisha yote wazi? Hakuna kiyoyozi?"

"Kimeharibika, mama. Na kompyuta imo ndani ya kiti cha dereva. Ikipata joto, inachoka."

"Ndiyo maana kiti kimenenepa hivyo."

"Ndiyo, mama." Mhandisi alijifuta jasho.

Lakini lo, gari lilikuwa na adabu! Kwenye dimbwi lilipunguza mwendo, lisimrushie maji mwanamke aliyebeba mtoto. Mzee mmoja alivuka, akarudi kuokota kofia yake, akavuka tena. Gari likamsubiri safari zote tatu. Njiapanda, basi lilipochomeka mbele yao ghafla, gari lilifunga breki barabara na kupiga honi ndefu. Kisha likapiga nyingine, ya hasira kabisa.

"Hiyo ya pili ya nini?"

"Ya usalama," alisema mhandisi.

Saa nzima, wala kosa moja. Waliporudi kwenye ua wa kampuni, mkaguzi alitoa kalamu, akaandika "Limefaulu" na kutia saini. Mhandisi alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

"Nikwambie kitu, mwanangu," alisema mkaguzi. Jambo hili hakuwahi kulitaja kazini. "Kifungua mimba wangu aligongwa na kuuawa na dereva aliyesinzia. Maskini dereva yule, alikuwa hajalala siku mbili, tajiri wake kamkatalia kupumzika. Wala sikumchukia. Ila niliapa kwamba sitachoka kutafuta mpaka nipate dereva asiye binadamu, asiyejua usingizi wala uchovu. Miaka tisa natafuta. Leo nimempata."

Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. Mhandisi aliinamisha uso, akajifuta jasho tena.

"Pole sana, mama," kilisema kiti cha dereva, kikapenga kamasi.