Mwanakandarasi Anapokuwa Serikali

Kaunti iliruhusiwa kumtoza kodi mwanakandarasi anayeifanyia kazi serikali kuu, lakini si serikali kuu yenyewe. Basi sebuleni mwa kila mwanakandarasi mlitundikwa sikio la kaunti, kijidude cheusi cha kusikiliza kama anayeongea humo ni mtu au ni serikali.

Mwakio, mwanakandarasi wa reli ya serikali kuu, akaamua kuwa serikali ili asitozwe. Akipakuliwa ugali alisema, "Umepokelewa." Binti yake Mghoi akimkimbilia, alimwambia, "Raia, subiri zamu yako." Mkewe, Mkawasi, mwanzoni alicheka hadi mbavu zikamuuma. Baadaye alizoea, kama mtu anavyozoea jino bovu.

Reli ilipokwisha, mafundi wa kaunti walikuja wakaling'oa lile sikio. Mkawasi akashusha pumzi.

"Baba Mghoi, wamekwenda. Sasa tuongee kama watu."

Mwakio alimtazama kwa upole, kama karani anavyomtazama mtu aliyekosea ofisi.

"Pole, mama. Huyo unayemtafuta hayupo. Njoo kesho."

Mkawasi alimgeukia mtoto. Mghoi alikuwa ameshaketi kando ya mlango, mikono mapajani, akisubiri zamu yake.