Ukuta wa Ngiri

Njaa ilipowabana wanyama wa Kilindoni, baraza lilijenga nyumba ya kulishia mafukara, na Ngiri akapewa usimamizi. Bahili huyo akapitisha ukuta wa udongo katikati: anayetaka uji aingie, mume upande huu, mke upande ule, wasionane. Digidigi na mkewe walipouona ukuta, waliona heri wakafe njaa pamoja. Ngiri akaliambia baraza, "Mnaona? Kwetu hakuna maskini."

Kisha wakaja wazee wawili, Hondohondo na mkewe.

"Bibi huku, mzee kule," alisema Ngiri, akingoja machozi.

Bibi aliugonga ukuta kwa mdomo. "Mume wangu, udongo mzuri huu. Hebu toboa."

Mzee akatoboa ufa, akaanza kumpitishia uji.

"Nyinyi hamlii?" Ngiri alifoka.

"Tulie nini, baba?" bibi alijibu. "Kila nikitaka kutaga, mume wangu huniziba kwa udongo ndani ya shimo la mti, akanilisha kwa ufa. Wanangu wote nimewalea hivyo."

Habari zikamfikia Digidigi. Akarudi na mkewe, na mzee akawatobolea ufa wa kugusishana pua. Wengine wakafuata, kila jozi na ufa wake, mpaka ukuta ukaanguka wenyewe. Mafukara wakala pamoja, na Ngiri akabaki kukoroga uji.

Bibi Hondohondo peke yake ndiye aliyenung'unika. "Ngiri, baba," alisema, "mwingine utatujengea lini?"